Pareto Kwenye Godoro la Deta

Jumatatu, 4 Juni 1979

Mikono kumi na sita leo. Kila mkono matone manane, kila tone mchomo mmoja wa sindano, kisha dakika kumi na tano za kungoja na rula mkononi. Anayevimba anapimwa uvimbe. Asiyevimba anaambiwa ahsante. Watoto wanne walilia. Baba mmoja wa Rhotia, mtu wa miraba minne, alizimia kabla sijamgusa. Nilicheka hadi Dakta Lema akanitazama vibaya.

Dakta ametoka chuo kikuu kuchunguza pumu na mzio kwa watu wa Karatu na Ngorongoro. Mimi nimeazimwa kwake kutoka wodi ya watoto. Anaandika, mimi nachoma. Vichupa vyake vimetoka Ulaya, na kila kimoja kina kitu ambacho mwili wa mtu unaweza kukikataa: vumbi la ndani, manyoya ya paka, ukungu, majani. Kimoja kina unga wa maua ya mti ambao Dakta mwenyewe anakiri hauoti Tanzania. Nikamwuliza tunaupimia nini. Akasema ndivyo seti ilivyokuja. Haya.

Deta alikohoa asubuhi. Kidogo tu. Ana miaka saba na ndiye mtoto niliye naye.

Jumatano, 6 Juni

Nimempima Deta kwa mkono wangu. Niliomba avimbe. Mama gani anaomba mwanawe avimbe? Mimi. Ningemjua adui.

Dakika kumi na tano. Bapa. Lilivimba tone moja tu, lile la kuangalia kama ngozi inafanya kazi, ambalo humvimbisha kila mtu. Kwa hiyo ngozi yake inafanya kazi na haina malalamiko.

Dakta akasema, "Sista, huenda si mzio. Wapo watoto wanaobanwa kifua kwa sababu ya wasiwasi wa nyumbani."

Nilimwambia nyumba yangu haina wasiwasi. Nasikia sauti yangu ilifika wodi ya wazazi.

Ijumaa, 8 Juni

Dakta anasema hata kipimo kikikataa, vumbi na wadudu wa kitandani ni wa kuwaogopa. Eti vidudu vidogo visivyoonekana. Nikasema kama ni vidudu, vimekuja kwa mtu mbaya.

Nimerudi mapema nikafumua godoro la Deta. Maganda ya mahindi yote nje, juani. Nimepiga deki mara mbili. Paulo, mume wangu, anafanya kazi kwenye banda la kukaushia pareto shambani, na kila wiki huleta chenga na vumbi la maua linalobaki sakafuni. Hapa mlimani kila nyumba inafanya hivyo. Ukinyunyiza pareto, kiroboto anakufa, kunguni anakufa, mende analala chali. Nimechanganya konzi sita kwenye maganda, nikashona godoro upya. Zamani nilikuwa naweka mbili.

Nyumba yangu haina kiroboto hata mmoja. Aje mtu apekue. Mama mkwe wangu, ambaye Deta anamwita Ama kama Wairaqw wote wanavyomwita bibi, anaishi Endabash na mbuzi wanalala miguuni pa kitanda chake. Akija kwangu namtandikia mkeka wa peke yake, karibu na mlango. Miaka minane sasa. Hajawahi kuuliza kwa nini.

Jumanne, 12 Juni

Ngorongoro, kwenye maboma ya wafugaji. Baridi, ukungu, matope hadi magotini. Mikono imepakwa mafuta ya ng'ombe na udongo mwekundu, kwa hiyo kabla ya kuchoma nasugua kwa spiriti hadi pamba inakuwa kama damu. Wazee wanacheka. Mmoja alisema naosha rangi yote ya ng'ombe.

Tumeuliza nani anabanwa kifua. Karibu hakuna. Dakta amefurahi kama mtu aliyeokota kitu. Anadhani minyoo ndiyo inayowakinga, kwamba mwili wenye minyoo una vita vyake tayari na haupotezi nguvu kupigana na vumbi. Anapeleka damu yao kupimwa. Njiani akasema kwa utani kwamba pengine watu wasafi mno ndio wanaougua.

Sikucheka. Deta nampa dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Namkata kucha. Namchemshia maji. Nilitazama dirishani hadi Karatu.

Alhamisi, 14 Juni

Vibarua wa shamba leo. Mama Hadija wa Singida, anayegeuza maua kwenye banda analofanya kazi Paulo, kifua chake kinapiga miluzi hata akiwa amekaa. Nilikuwa na uhakika angevimba matone yote. Bapa. Kama Deta.

Dakta ameandika "hakuna mzio" mbele ya jina lake. Mama Hadija akakohoa juu ya karatasi.

Adrenalini, sindano ya kufungua kifua kilichobanwa, zimebaki ampuli nne hospitali nzima. Mzigo wa dawa haujafika. Tangu vita hakuna kinachofika kwa wakati.

Jumamosi, 16 Juni

Asubuhi, nikiwa nachemsha uji, nikausikia. Mluzi. Nikaacha chungu.

Deta alikuwa amekaa kitandani, mikono kwenye magoti, mabega juu. Mbavu zinabonyea. Midomo imebadilika rangi. Hakuweza kumaliza neno "mama". Nilimfunika blanketi lake nikambeba hadi barabarani, Paulo nyuma na viatu vyangu. Lori la shamba likatuchukua.

Ampuli moja. Imebaki mitatu, hapana, ampuli tatu, hata kuandika siwezi leo. Ninaogopa. Nimewashika watoto wa watu wakati wanakata roho na nikaendelea kuchoma sindano. Leo Dakta ndiye aliyemchoma.

Jumapili, 17 Juni

Ama amekuja kutoka Endabash. Habari zilimfikia kanisani. Aliingia wodini na fimbo yake, akamshika Deta kifuani. Kisha akaniambia mbele ya wagonjwa wote, "Mke wa Paulo, nyumba yako inamkataa mtoto. Nipe nikae naye."

Nyumba yangu. Yenye deki mara mbili kwa siku.

Paulo alisema labda wiki mbili, abadili hewa. Dakta akasema haina ubaya. Wote wananitazama mimi. Nimekubali kwa hasira, na gauni la Deta nimelifunga kwenye bahasha ya khaki ili lisikae na vitu vya Ama.

Jumapili, 24 Juni

Nimekwenda Endabash.

Vumbi. Kuku mezani. Moshi ndani hadi macho yanachuruzika. Mbuzi wawili palepale miguuni pa kitanda, na mwanangu analala hapo. Gauni nililompa limetundikwa ukutani, bado kwenye bahasha. Amevaa kitenge cha Ama kilichokatwa.

Alikuwa anakimbiza ndama. Alikuja mbio kutoka korongoni, akanirukia. Nikaweka sikio mgongoni kwake. Kifua kisafi. Hakuna kitu.

Nitaandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilitamani nisikie mluzi. Mmoja tu, mdogo, ili mama mkwe wangu asiwe amesema kweli. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 30 Juni

Nimemrudisha. Wiki mbili zimekwisha na makubaliano ni makubaliano.

Nyumba nimeiandaa siku mbili. Paulo ameleta mfuko mzima wa chenga mpya, bado zina joto la banda. Nimenyunyiza kitandani, chini ya kitanda, kwenye pembe, nyuma ya sanduku la nguo. Paulo alipiga chafya akasema, "Mama Deta, sasa umezidisha." Nikamwambia afadhali kuzidisha kuliko kuzika.

Ama alituaga njia panda. Alisema akibanwa tena atakuja kumchukua, na safari hiyo hatamrudisha. Paulo alitazama viatu vyake. Hakunitetea kwa neno moja. Nimekasirika hadi kichwa kinaniuma.

Jumapili, 1 Julai

Amebanwa. Hata siku moja haikupita. Tulitoka kanisani, akalala kidogo mchana, akaamka hawezi kuvuta.

Ampuli nyingine. Zimebaki mbili.

Mimi na Paulo tumekaa kila mtu upande wake wa kitanda cha wodini. Nadhani ananiona mimi ndiye ugonjwa. Nami nimeanza kujiona hivyo.

Jumanne, 3 Julai

Leo nimejua. Lazima niandike kwa mpangilio.

Mama Hadija alikuja kuomba vidonge. Havipo. Nikamwambia avumilie, labda ni baridi ya huku, Singida kuna joto. Akasema, "Si baridi Sista. Mimi nikiwa kwetu kifua changu ni cha msichana. Nikirudi kugeuza maua kinafunga. Mwaka jana nilienda likizo, nikakaa vizuri wiki nzima. Siku niliyofungua sanduku lenye nguo za kazini, nikabanwa kulekule Singida."

Nikauliza maua gani. Swali la kipumbavu. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Si haya ya kwenu. Pareto."

Nilikaa kwenye benchi. Nikanusa kanga yangu. Inanuka pareto. Nimeizoea hadi pua yangu haikuwa inaisikia. Kisha nikahesabu konzi: mbili, sita, mfuko mzima. Na Endabash ni bondeni, hakuna pareto. Na lile blanketi nililomfunika nikimpeleka hospitalini, nilikuwa nimelikung'utia pareto pia.

Mimi. Kwa mikono hii. Kwa kumpenda.

Jumatano, 4 Julai

Dakta alisikiliza hadi mwisho. Alifungua sanduku lake la vichupa, akavitazama vyote vinane, akalifunga. Akasema, "Nimepima miti ya watu na sikuuliza nyie mnalalia nini." Kisha macho yakaanza kung'aa, ndugu yule, akaanza kuzungumza juu ya utafiti mpya. Nilimchukia kwa dakika tano.

Tumesaga maua makavu, tukayaloweka kwenye maji ya chumvi, tutachuja kesho. Deta analala wodini. Nguo zake zote nimezifua, nimezianika hospitalini.

Alhamisi, 5 Julai

Kichupa cha tisa. Maji ya rangi ya chai hafifu.

Tone la kwanza kwangu. Bapa. La pili kwa Dakta. Bapa. La tatu kwa Mama Hadija, aliyekubali bila kubembelezwa. Lilivimba kama shilingi, likatoa miguu pembeni. Alilitazama akacheka. "Si niliwaambia?" Aliwaambia watu gani? Hakuna aliyemwuliza.

Kwa Deta Dakta alilipunguza makali mara mia. Ampuli ya adrenalini na bomba la sindano vilikuwa tayari juu ya pamba, mbele yangu. Nilichoma. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya tatu wekundu. Ya nne ukapanda uvimbe, na mtoto akapiga chafya, moja, mbili, saba. Nilishika bomba hadi vidole vikakakamaa. Ikaishia kwenye chafya. Ampuli hatukuifungua.

Deta aliutazama mkono wake. "Mama, hiki ndicho?" Nikamwambia ndiyo, ndicho. Hakuuliza nani alikiweka.

Dakta ameniruhusu kukaa na ampuli moja na bomba kwenye mkoba wangu. Nyingine iko kabatini. Amri yake moja: ondoa pareto yote nyumbani.

Jumamosi, 7 Julai

Sabasaba. Nimelazimika kusubiri hadi nikae vizuri ndipo niandike. Niko kwenye korido ya wodi, sakafuni.

Sikukuu, kwa hiyo mimi na Paulo hatukwenda kazini. Deta nilimtoa wodini nikampeleka uwanja wa shule na wasichana wa jirani, kuna ngoma na kwaya, mbali na nyumba, upande upepo unakotoka. Nilipanga kila kitu. Mimi na Paulo tukatoa godoro, mito, magunia, mkeka, zulia la ngozi. Rundo uani. Ningeweza kulizika. Ningeweza kulitupa korongoni. Lakini uchafu sisi tunachoma, ndivyo nilivyolelewa, na nilitaka kuiona inaungua. Nikamwaga mafuta ya taa nikawasha.

Moshi ulikuwa mzito, mweupe, ulikaa chini kwa sababu ya baridi. Nesi mzima. Nimefundishwa miaka mitatu. Sikuwaza kwamba moshi wa pareto ni pareto.

Deta aliuona kutoka uwanjani. Aliona moshi juu ya paa letu akadhani nyumba inaungua nami nimo ndani. Wasichana wanasema aliacha ngoma akakimbia, wakashindwa kumkamata. Alipita katikati ya moshi ule akiniita. Nilisikia jina langu likikatika.

Alianguka kabla sijamfikia.

Ampuli ya mkobani, nilimchoma pale chini kwenye nyasi. Haikutosha. Paulo alimbeba akikimbia hadi barabarani, mimi nikasimama mbele ya lori lililojaa watu wa kwaya, likasimama. Waliteremka wote bila kuulizwa.

Hospitalini ampuli ya mwisho. Kisha dripu ya aminofilini, dawa nyingine ya kifua, Dakta mwenyewe akiihesabu matone. Nikapiga magoti kitandani, nikamshika mwanangu, akazidi kubanwa. Dakta akapiga kelele, "Sista, toka! Wewe ndiye unayemfukiza!"

Nywele zangu, gauni langu, ngozi yangu. Vyote moshi. Nilitoka nikasimama nje ya dirisha. Nilimwona akinitafuta kwa macho na sikuweza kuingia.

Jumapili, 8 Julai

Anapumua.

Jumatatu, 9 Julai

Ama amekuja. Nilikuwa nimeandaa majibu. Hakuna hata moja lililotumika kwa sababu hakunigombeza. Alikaa kando yangu kwenye benchi, akauliza, "Niambie nifanye nini na nisifanye nini."

Nikamwambia. Pareto isiingie kwake kabisa, hata ya kuombwa kwa jirani. Nguo kutoka kwangu zisiingie, wala blanketi, wala mkoba. Paulo akitoka kazini asimguse. Nami pia. Alirudia kila neno kwa vidole, kwa Kiiraqw, mara mbili. Wanafunzi wetu wa unesi hawaelewi haraka hivyo.

Alimchukua mchana. Sikuruhusiwa kumkumbatia kwa nguo zangu. Nilimpungia. Paulo ameomba kuhamishiwa upande wa ng'ombe, hajajibiwa. Nyumba nitaiosha kuta na dari, na nitaendelea kuiosha, lakini huku mlimani upepo wenyewe unapita mashamba ya pareto. Dakta hakunidanganya. Alisema pengine ni miaka kabla Deta hajaweza kurudi.

Nimelia mbele ya Paulo. Akalia pia. Afadhali.

Jumanne, 17 Julai

Mikono ya wafanyakazi wa banda la kukaushia leo. Matone tisa sasa. Lebo ya kichupa cha tisa nimeiandika mimi: "Pareto, Karatu." Dakta alitaka kuandika kwa Kilatini. Nikakataa.

Kabla ya kuchoma, sasa tunauliza. Unafanya kazi gani. Unalalia nini. Kifua kinafunguka ukiwa wapi. Mama Hadija amehamishiwa jikoni kwa barua ya Dakta, na amepita leo kunionyesha anavyopanda ngazi bila kusimama. Nimefurahi. Pia nimeona wivu.

Jumapili, 22 Julai

Endabash. Lori la mahindi hadi njia panda, kisha kwa miguu.

Ama alinizuia nje, hatua ishirini kabla ya mlango. Nyuma ya zizi alikuwa ameweka beseni la maji, sabuni, na turubai la kujisitiri. Alinionyesha kwa fimbo. Nikavua viatu, gauni, kitambaa cha kichwa. Nikaoga hadi nywele. Maji baridi. Alizichukua nguo zangu kwa ncha ya fimbo akazitundika mbali, kwenye ua wa miiba.

Akanipa kanga yake. Inanuka moshi wa kuni na mbuzi. Nilijifunga. Nilifikiria ule mkeka karibu na mlango. Nilimwambia, "Ama, nisamehe." Akasema, "Kausha masikio."

Deta alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono nyuma, kama alivyoagizwa. Ama alimwambia sasa. Akaja mbio. Akaweka pua shingoni kwangu akanusa, taratibu, upande huu na upande huu.

"Mama, unanuka kama Ama."

Nikamshika. Nikaweka sikio mgongoni kwake. Sikusikia kitu. Nikaendelea kusikiliza.